Shahidi Akinyamaza, Hesabu Mpaka Sitini

Bi Esha Nampoto alifika kwenye foleni ya dirisha la Kampuni ya Thabiti saa tano kasorobo asubuhi, amembeba shahidi wake mgongoni kwa kanga, kama mtoto mwenye homa.

"Shikamoo, bibi," Siwema, mpokeaji, alimwamkia kutoka upande wa pili wa kioo.

"Marahaba, mjukuu wangu. Huyu mzee kaninyamazia tangu alfajiri. Nimemwambia, baba, leo ni Kuitika, usinifanyie hivi. Kimya. Nimempiga kofi moja la adabu. Kimya vile vile."

Foleni ikacheka. Likwawa, fundi baiskeli, aliyekuwa mbele yake, akageuka. "Ungempiga mawili, bibi. Moja wanaliona salamu."

"Wewe nyamaza, na wewe wako kafa."

"Wangu kazimia. Kufa ni kufa, kuzimia ni kuzimia."

Walicheka, lakini kila aliyecheka alitupa jicho kwenye saa ya ukutani. Siku ya Kuitika huja mara nne kwa mwaka. Ikitimia saa sita mchana, mnara wa Kampuni ya Thabiti huziita nyumba za Namkonda kwa namba, moja baada ya nyingine, na shahidi wa kila nyumba hujibu popote alipo ndani ya kata: Nipo. Asipojibu mara tatu, nyumba yake huandikwa Haipo. Nyumba isiyokuwepo haina maji ya bomba wala kadi ya zahanati. Shamba lake huwa ardhi huru, na jioni hiyo hiyo hupewa mtu mwingine, tena mara nyingi mtu ambaye hajawahi hata kufika Namkonda.

Bi Esha alikuwa na mikorosho thelathini na sita. Aliipanda mwenyewe, mashimo akichimba mwenyewe, mwaka ambao mumewe alikwenda mjini akapenda huko huko. Hakuwa na kingine.

Likwawa akasogea dirishani, akakiweka kisanduku chake juu ya ubao. Kilikuwa kikubwa kama tofali la kuchoma, cheusi, kina kitufe kimoja nyuma na vitundu vidogo utosini. Kabla hajafungua mdomo kueleza shida, kisanduku kikasema kwa sauti nzuri ya kiume:

"Karibu. Mimi ni shahidi wa nyumba namba mia na kumi na mbili."

"Ona huyu mwanaharamu!" Likwawa alipiga kelele. "Nyumbani nimemsihi saa nzima!"

Siwema hakucheka. Mkono wake ulikuwa tayari umeshika stika nyekundu. Mwongozo wa dirishani ulikuwa na mistari minne tu juu ya jambo hilo: shahidi aliyezima na kuwaka mwenyewe ana ugonjwa wa kuja na kwenda, abandikwe nyekundu, achukuliwe, mwenye nyumba asubiri mwingine kwa siku arobaini. Kila Kuitika alibandika nyekundu mpaka vidole vikanata gundi.

"Kaka Likwawa," aliuliza polepole, "umemletaje hapa?"

"Kwenye kikapu cha baiskeli. Nimekimbia kweli kweli, upepo ulikuwa unampiga usoni."

"Na kitambaa chake?"

"Nimekiacha nyumbani. Kile cheupe ulichonifumia wewe? Kingeshika vumbi."

Siwema akairudisha stika kwenye boksi lake. "Wewe hukuja hapa leo," alisema. "Mchukue. Kaa naye pale kivulini, usimfunike na kitu."

Likwawa akamtazama, akatazama foleni, akamchukua shahidi wake bila kuuliza. Bi Esha akasogea, akafungua fundo la kanga. Ndani ya kanga mlikuwa na kitambaa cha kufuma, kizito, chenye nyota za buluu, kimemfunika shahidi mpaka miguuni. Siwema alizijua nyota zile. Alizifuma mwezi uliopita, kila moja kwa mizunguko saba. Akapitisha mkono kwenye tundu la dirisha, akaweka kiganja juu ya nyota.

Moto kama kikaango kilichoepuliwa sasa hivi.

* * *

Desturi ile haikuletwa na mtu mbaya. Mashahidi wa kwanza walipoletwa Namkonda, afisa wa Thabiti aliwaambia watu wawapokee kama wageni wa heshima. Basi wakafanyiwa kama wageni. Waliwekwa sebuleni juu ya meza ndogo na kuvishwa kitambaa cha kufuma, kama watu walivyovivisha redio na televisheni zamani. Kuitika ikikaribia, kitambaa cha zamani kilivuliwa na kipya kikavalishwa, kinene zaidi, kwa sababu ni aibu mgeni kuitwa na wakubwa akiwa amevaa kikuukuu. Nusu ya vitambaa vya kata nzima vilitoka mikononi mwa Siwema na mama yake.

Na Siwema alikuwa mtu wa kutazama. Dirishani, kati ya mteja na mteja, alifuma chini ya meza. Kwa kuwa mpokeaji hakuruhusiwa kuandika chochote juu ya magonjwa ya mashahidi zaidi ya namba na rangi ya stika, tangu mwezi wa sita alikuwa anafuma ukanda mwembamba usio na kazi. Shahidi aliyeletwa uchi akaamka kwenye foleni, mstari wa buluu. Aliyeletwa kafungwa nguo akabaki kimya, mstari mweupe. Aliyekwenda kinyume na hayo, mstari mwekundu. Ukanda ulikuwa umefika mistari mia moja na arobaini. Myekundu ilikuwa miwili.

Alifunga dirisha kwa dakika tano, akauchukua ukanda, akaenda nao ofisi ya nyuma.

Mkaguzi Mkude alikuwa anakunywa chai ya tangawizi. Alikuwa mtu wa Morogoro, mpole, anayewaita wafanyakazi wote kwa majina yao. Alisikiliza mpaka mwisho. Alipouona ukanda akauvuta, akauhesabu kwa kidole, na uso wake ukalegea kama mtu aliyekutana na ndugu safarini.

"Umesoma mpaka darasa la ngapi, Siwema?"

"La saba, bwana."

"Darasa la saba." Alitikisa kichwa. "Mainjinia wetu iliwachukua miaka miwili kuliona hili."

Siwema alihisi kama ameteleza kwenye ngazi. "Kwa hiyo mnajua."

"Tunajua. Utosini ana vitundu ishirini na nne vya kutolea joto. Ukivifunika, joto linapanda. Likipita kiasi, anajizima mwenyewe ili asiharibu kumbukumbu. Hapo ndipo penye kasoro: hata akipoa, umeme mdogo unabaki ndani, na huo unamfanya aendelee kuamini kuwa bado anaungua. Wengine unawaishia wenyewe, wakaamka. Wengine hauishi mpaka ubonyeze kitufe cha nyuma, ukishikilie, uhesabu mpaka sitini. Akisahau joto, anaamka. Hakuna ugonjwa hapo."

"Basi tuwaambie, bwana. Wapo watu thelathini na wanane nje."

Mkude akaweka kikombe. "Kuna kijiji kimoja bondeni, mwaka wa kwanza wa mashahidi. Mtu alifundishwa kubonyeza. Kesho yake akajifunza kufungua. Wiki iliyofuata akamfungua shahidi wa dada yake kwa bisibisi, akambadilisha kauli. Yule dada aliamka hana nyumba, hana jina. Nilikwenda kumhoji mwenyewe. Alikuwa anasema 'mimi ni mimi', na hakuna mashine iliyomkubalia. Ndipo tukaweka Kanuni: asiye na hati asiguse, na asimwambie mtu namna ya kugusa. Siyo ubaya, Siwema. Ni ukuta."

Habari ile ya dada ilimwingia Siwema kweli. Aliona jinsi mtu mwema anavyoweza kuujenga ukuta ule na kulala usingizi.

"Kufunua kitambaa siyo bisibisi," alisema mwishowe.

"Leo siyo."

"Na yule dada mlimrudishia nyumba yake?"

Mkude akauinua ukanda. Akasema, "Nitaandika barua juu baada ya Kuitika. Nitaambatanisha ukanda wako. Wakikubali, mwakani mwongozo utabadilika, na wewe nitakuombea hati ya ufundi. Darasa la saba na hati! Haijawahi kutokea."

"Na mikorosho ya Bi Esha?"

"Bi Esha ni mtu mmoja."

"Waliobaki nao ni mtu mmoja mmoja, bwana. Hakuna aliyekuja hapa akiwa watu wengi."

Mkude akasimama, akafunga kifungo cha koti. Sauti yake haikupanda. "Ulikula kiapo. Ukitamka tiba dirishani, kazi huna, na shahidi wa nyumba yenu anafungwa mwaka mzima. Bomba linafungwa. Mama yako atakunywa nini?"

* * *

Simu ya mezani ya dirishani ilikuwa ya kuwahudumia wateja. Siwema akapiga nyumbani.

"Mama, nina neno."

"Sema haraka, nina maharage jikoni."

Akamweleza yote, joto, kitufe, kiapo. Upande wa pili mwiko uligonga sufuria.

"Bomba litafungwa mwaka, mama."

"Njia ya bondeni bado ipo?"

"Ipo. Imeota nyasi."

"Nyasi zinakatwa. Mimi nimepandisha maji mlima ule kabla mnara wao haujafikiriwa."

"Magoti yako, mama."

"Magoti ni yangu, sijakutuma uyasemee." Mwiko ukatulia. "Sikiliza, mwanangu. Kama utasema, na vitambaa viseme. Usije ukawapa watu nusu, ukaificha nusu yetu."

"Watatuchukia."

"Wana haki. Maharage yanaungua."

Simu ikakatika. Saa ya ukutani ilisema saa tano na dakika kumi.

Siwema akafungua dirisha. Akavuta kipaza sauti kile cha kuitia namba za foleni, akakipuliza.

"Jamani, naomba mnisikilize. Mashahidi wenu si wagonjwa. Wana joto. Joto lenyewe linatokana na vitambaa, na vitambaa hivyo tuliwafumia sisi, mimi na mama yangu. Mvueni kila mmoja wake sasa hivi. Mwekeni kivulini. Ukimgusa ukaona kapoa kama mtungi, bonyeza kitufe cha nyuma, usikiachie, hesabu mpaka sitini. Usizidishe wala usipunguze. Halafu achia, subiri, bonyeza mara moja tu. Hakuna kufungua kitu. Atakayeshika bisibisi nitamwita kwa jina hapa hapa."

Kwanza hakuna aliyesogea. Kisha mwanamke mmoja wa kitenge cha njano akatoka kwenye foleni, akaja mpaka kwenye kioo. Jina lake Sijali, na Kuitika iliyopita nyumba yake iliandikwa Haipo. Alikuwa amekuja kuomba shahidi mpya, ingawa shamba halikuwepo tena.

"Shamba langu," alisema. "Na lenyewe ni kitambaa chako?"

"Ndiyo, dada. Nilikufumia mimi. Cha maua mekundu."

"Na ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa nahisi. Tangu mwezi wa sita. Nilitaka kuhakikisha."

"Ulihakikisha kwa shamba langu."

Sijali akaendelea kumtazama kupitia kioo, muda mrefu, mpaka Siwema akainamisha macho. Kisha akageuka, akaiambia foleni kwa sauti kali:

"Mnangoja nini? Mmekuja kuangalia sinema? Vueni hayo makorokoro!"

Hapo baraza lilivurugika. Vitambaa vikavuliwa, vikatupwa juu ya ukuta wa baraza, vyeupe, vya buluu, vya waridi. Watu walipepea mashahidi kwa kadi za zahanati, kwa vipande vya maboksi, kwa kofia. Likwawa, aliyekuwa bado kivulini na wake mzima, akaja kumpepea wa Bi Esha.

"Pepea taratibu, utamtia mafua," Bi Esha alisema.

"Bibi, huyu hana hata pua."

"Na wewe ungekuwa huna, ungependeza."

Shahidi wa Bi Esha alikuwa wa moto kuliko wote, maana alibebwa kwa nguo mbili na joto la mgongo. Wengine walikwisha kuanza kuhesabu, kila mtu kwa sauti yake, na namba zikagongana hewani. Sauti za mashahidi zikaanza kuitikia moja baada ya nyingine: Karibu. Karibu. Mimi ni shahidi wa nyumba namba. Mzee mmoja alikaa chini ghafla, akamlaza wake mapajani.

Mkaguzi Mkude alitoka mlango wa nyuma, kishikwambi mkononi. Alisimama pembeni akitazama, na kwa kitambo Siwema alidhani atafurahi. Labda alifurahi. Lakini kidole chake kilipita juu ya kioo cha kishikwambi mara mbili.

"Nyumba namba mia mbili na tisa," alisema kwa sauti ya chini, kama mtu anayesoma kitu asichokiandika yeye. "Imefungwa, mwaka mmoja. Samahani, Siwema." Akaweka karatasi juu ya meza. "Bado ninaweza kuifungua. Andika hapa kuwa ulikosea, kuwa ulichosema si tiba. Uwasomee. Basi."

Siwema akaisoma karatasi yote, kwa kuwa hakuwahi kutia saini kitu asichokisoma. Akaikunja mara mbili, akaiweka chini ya mguu wa meza uliokuwa unayumba siku zote.

"Hapo itafaa," alisema.

* * *

Saa sita ilipotimia, mnara ulianza kuita. Sauti yake ilisikika kila mahali Namkonda, haina hasira wala huruma. Moja. Nipo. Mbili. Nipo. Barazani watu waliacha kuongea. Wa Likwawa aliitika mia na kumi na mbili, naye mwenyewe akaitikia pamoja naye, kwa hofu tu.

Bi Esha alikuwa ameshika kitufe kwa kidole gumba. Alikuwa anahesabu kwa Kimakonde, polepole.

"Nikusaidie, bibi?" Likwawa aliuliza.

"Ukinigusa nitakosea. Kaa mbali."

Mia na arobaini na sita. Nipo.

Mia na arobaini na saba. Ndiyo yake. Kimya.

Alifika sitini, akaachia. Akasubiri.

Mia na arobaini na saba, mnara ukaita mara ya pili. Kimya.

Bi Esha akabonyeza mara moja. Taa ndogo ikawaka nyuma ya kisanduku, ikazima, ikawaka tena. Sijali, ambaye hakuwa na nyumba ya kuitwa, alikuwa amepiga magoti mbele yake, ameshika ncha ya kitenge kwa meno.

Mia na arobaini na saba.

"Nipo," alisema shahidi, kwa sauti ya kikongwe aliyeamshwa.

Kelele ikapasuka. Bi Esha hakupiga kelele. Alimsukuma Likwawa begani kwa nguvu, akasema, "Ulikuwa unasemaje juu ya kofi?" Kisha akaketi, akalia kidogo.

Simu ya mezani ikaita. Mkude akaitazama. "Usipokee."

Siwema akapokea.

"Hapo ni dirishani Namkonda?" Sauti ya mwanamke, anahema. "Napiga kutoka Chilonji. Shemeji yangu yuko hapo kwenu, anasema kuna dada anajua. Wangu kazima, na sisi wanatuita saa saba."

"Anajua nani?" Siwema aliuliza, ili kupata pumzi.

"Si wewe?"

"Ndiye mimi. Mvue kitambaa."

"Alaa! Umejuaje kama ana kitambaa?"

"Mvue, dada. Mguse utosini. Yukoje?"

"Kapoa, tulimweka juu ya sakafu tangu asubuhi. Ila kimya."

Mkude akanyoosha mkono kwenye waya wa simu. Hakuuvuta. Nje, Sijali alikuwa amesogea tena kwenye kioo, safari hii na wengine nyuma yake. Mkono wa mkaguzi ulibaki pale juu ya waya, kama wa mtu aliyesahau alichotaka kuchukua.

"Kitufe cha nyuma," Siwema aliendelea. "Kishikilie. Tuhesabu pamoja, mpaka sitini. Moja. Mbili."

Mnara nao ulikuwa unahesabu, nyumba baada ya nyumba. Mia mbili na saba. Nipo. Mia mbili na nane. Nipo.

Mia mbili na tisa.

Nyumbani, juu ya meza ndogo, shahidi wao alikuwa amefungwa mdomo. Kimya. Foleni yote ilijua ni namba ya nani. Mia mbili na tisa, mnara ukarudia. Kimya.

"Thelathini na saba," Siwema alisema kwenye simu. "Thelathini na nane. Subiri kidogo, dada, usiachie kitufe, wewe endelea kuhesabu. Naitwa."

Akaweka simu juu ya meza. Akatoa kichwa na mabega yote nje ya dirisha, akaugeukia mnara uliokuwa unaita kwa mara ya tatu, mnara usiosikia watu, unaosikia mashahidi tu. Akavuta pumzi mpaka tumboni.

"Nipo!"

Kisha akarudi ndani, akanyanyua simu, akaibana begani.

"Haya, dada. Tulifika ngapi?"

"Arobaini na tisa."

"Endelea."